Aliyesimama Njiani

Philémon, dereva wa siku nyingi wa barabara ya Kavumu, aliweka pedali za mchezo wa kompyuta sakafuni na kufunga usukani wake kwenye meza ya mama yake, Colombe, naye mama akaishikilia meza isitikisike. Akimaliza mbio hizi za mtandaoni bila kosa, angepokewa katika ligi ya Wabelgiji.

Mara, kwenye skrini, gari la mbele likapinduka. Philémon akakanyaga breki, akasimama.

"Shuka umusaidie!" akasema Colombe.

"Maman, hakuna kitufe cha kushuka."

Wengine wakapita bila kupunguza mwendo. Maandishi yakatokea: Philémon ameondolewa kwa kuzuia njia.

Yule aliyepinduka akasikika kwenye spika. "Ulisimama kwa nini?"

"Muulize kama watoto wake wako muzima," Colombe akanong'ona.

Philémon akauliza, huku akiona haya.



"Yule mtoto wa mwisho ana homa," sauti ikajibu.