Anayebaki

Simu iliita wakati Fundi amechuchumaa mbele ya geti la jirani yake, kinyago cha kuchomelea usoni. Akaiacha iite. Ilipozidi akazima mashine, akavua glavu kwa meno.

"Samahani baba, mimi ni mwalimu wa darasa wa binti yako. Mtoto yuko nyumbani?"

"Nyumbani afanye nini? Asubuhi nimemshusha mwenyewe getini kwenu."

"Begi lake lipo darasani. Yeye hatumwoni."

"Mke mdogo huyo?" jirani akamtania. Fundi alimpita kana kwamba hakumsikia, akapanda pikipiki, akaliacha geti limeshikwa na bawaba moja.

Njia nzima alikuwa anafikiria shimo. Nyuma ya shule walikuwa wanachimba shimo la choo kipya, na mvua ilinyesha wiki nzima. Siku ya kumwandikisha mtoto aliliona, limezungushiwa kamba tu, akasema hapa kuna mtu atakuja kulia. Alisema kwa mzaha. Sasa maneno yale aliyajutia.

Hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja shimoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yametulia, hayaonyeshi kitu. Akachomoa mti mmoja uliofungiwa kamba, akauzamisha. Mti ukagusa kitu laini. Akakinasa kwa ncha ya mti, akavuta, na kitu kikapanda juu polepole, cheusi, kizito. Ulikuwa mfuko wa saruji.

Alipogeuka, mwalimu alikuwa nyuma yake. Msichana mdogo wa watu, hajamaliza hata mwaka wake wa kwanza kazini.

"Twende uwanjani, baba. Nimelitoa darasa zima."

Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wamesimama mbele ya stoo ya michezo wakinong'onezana. Mwalimu akawauliza huyu mwenzao anakaa na nani darasani. Mapumziko anacheza na nani? Hakuna aliyejua.

"Ni yule mwenye sweta kubwa?" mvulana mmoja alimwuliza mwenzake.

Mtoto alikuwa hapa tangu mwanzo wa mwaka. "Nyumbani tunamwita Kasuku," alisema. "Anaongea mpaka tunamwomba atuache tule."

Watoto wakatazamana kama vile mzee wa watu amekosea shule.

"Huyo haongei, mzee," alisema binti mmoja mrefu, kwa heshima kabisa. "Hata siku moja."

"Haya, tumtafute," mwalimu alisema. "Jigaweni watano watano, haraka."

Walivutana mikono, wakaitana, na kufumba na kufumbua makundi yakawa tayari. Binti mrefu akageuka huku na huku, akakunja uso.

"Mwalimu, leo yametimia."

"Nini kimetimia?"

"Makundi. Leo hajabaki mtu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliweka kiganja mdomoni. "Darasa zima mko arobaini na sita," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Mungu wangu. Kila siku lazima abaki mmoja."

"Anayebaki huwa anafanya nini?" Fundi aliuliza.

"Huwa namtuma stoo alete vifaa. Ili asisimame tu pale."

"Ni nani?"

Mwalimu akageukia mlango wa stoo. Watoto walikuwa wanatazama viatu vyao.

Fundi akaukimbilia mlango wa stoo. Kufuli lilikuwa nje. Mtunza stoo ametoka na ufunguo, mtu mmoja akasema. Fundi akagonga kwa ngumi. "Kasuku! Ni baba!" Hakuna kitu. Akaweka sikio kwenye mbao. Hakuna kitu. Paa la bati, jua la utosini, dirisha dogo kama kitabu. Aliita tena mpaka sauti ikapasuka, kisha akachukua mtaimbo wa wajenzi wa choo ulioegemezwa ukutani, akaling'oa kufuli na kipande cha mlango.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya mipira. Alimkuta nyuma ya magodoro ya mazoezi, magoti kifuani, sweta limevutwa mpaka puani. Macho yako wazi. Mzima.

Fundi alikaa chini mbele yake.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuitika, mama?"

"Wote walikuwa nje. Ningetokaje?" Alisema kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia nyumbani. "Nilikuja mapema, ili mwalimu asinitume mbele ya watu. Halafu nikasikia mlango unafungwa."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Ungekaa mpaka lini?"

Mtoto akapandisha mabega, akayashusha. Yale mabega yalimtisha Fundi kuliko lile shimo.

Mwalimu alikuwa amechuchumaa mlangoni. "Mimi ndiye ninayesema watano watano," alimwambia mtoto. "Nilidhani nakusaidia kwa kukupa kazi. Kuanzia kesho nawapanga mwenyewe."

"Kesho iko mbali," Fundi alisema. "Na sasa hivi atapita wapi? Warudishe darasani hao, nimchukue nyumbani."

"Usiwarudishe bila mimi," Kasuku alisema haraka. "Kesho nitaingia wote wamekaa. Watanitazama wote."

"Basi unatakaje?"

Alifikiri. "Waingie sasa. Na mimi niwe katikati."

Fundi alitaka kukataa. Alitaka kumfunika na koti lake na kuondoka naye. Lakini mwalimu alishatoka, na sauti yake ikasikika ikiwaambia wavunje makundi, warudi darasani kila mtu anavyotaka, na kelele ni ruksa. Uwanja ukalipuka. Kasuku akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akatoka mbio bila kumtazama baba yake.

Fundi alimfuata kwa macho. Sweta likaonekana, likafunikwa, likaonekana tena. Kisha yakawa mashati meupe matupu na vichwa vilivyonyolewa. Akanyoosha shingo. Hakumwona. Akajikuta amesogea mpaka chini ya dirisha la darasa, mtaimbo bado mkononi.

Alisimama pale mpaka mwalimu akatoka.

"Amekaa, baba. Kuna mtu amemsogelea kwenye benchi."

"Nani?"

"Nilipoingia walikuwa wameshasogea. Sikuona."

"Rudi ukaone," Fundi alisema. "Nakusubiri hapa."

Mwalimu alimtazama, kisha akageuka na kurudi ndani.