Ukurasa Mweupe wa Tansen

Asubuhi za kipupwe mji wa Tansen huelea. Ukungu hujaa bonde lote hadi ukingoni kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, vilima vya jirani vinabaki vichwa tu, na mtu akikohoa juu ya kilima hiki, mbuzi wa kilima cha pili anageuka. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na moja ya Poush, mwezi wa tisa, mwaka 2081. Ule wa kalenda ya kwao ya ukutani, si ule 2025 wa kwenye simu. Junkiri Saru alikuwa ameketi mbele ya seva ya ofisi ya kata, vidole vimekufa ganzi, akitazama ukurasa mweupe pe, mweupe kuliko hata huo ukungu.

Seva yenyewe usiifikirie makuu. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa mkate, kimefungiwa kwenye kabati la chuma pamoja na mihuri. Kwenye kipaji chake kulikuwa na doa jekundu lenye punje za mchele zilizokauka, kwa maana siku ya sikukuu ya Dasain ofisi nzima ilikibariki, sambamba na taipureta na pikipiki ya mwenyekiti.

"Umebarikiwa kuliko mimi," Junkiri alikinong'oneza, "na kazi hufanyi."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Fomu moja tu: jina, umri, kijiji, jicho. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja na basi lao la upasuaji, na walishasema wazi: mwaka jana majina yaliletwa kwa karatasi, yakafika yamelowa, wino umekuwa mchuzi. Safari hii yapite kwenye fomu, yafike kwenye mashine yao kabla ya saa sita mchana. Yasipofika, basi litapinda kona kwenda wilaya ya pili, na watu wa Tansen wangoje mwaka mwingine. Jana nyumbani, kwenye kompyuta ya Junkiri, fomu iliteleza kama mlenda. Leo kuihamishia kwenye seva, kimya. Ukifungua, weupe. Ukifungua tena, weupe.

Na nyuma yake, juu ya kigoda cha mianzi, aliketi bibi yake, kajiviringisha blanketi mpaka masikioni, mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Tangu mwaka juzi alikuwa akimtambua mjukuu wake kwa kandambili zinavyoburuta.

"Kanchhi," Bibi aliita. Ndilo jina la kitinda mimba kule. "Bado?"

"Bado, Bibi."

"Hicho kidude kimekunywa chai?"

"Hakinywi chai, Bibi."

"Basi usikilaumu. Hata mimi bila chai ni kiti tu."

Karani wa kata, mzee aliyeitwa na wote Mukhiya Baa, yaani Baba Karani, alicheka huku akimenya chungwa. Alikuwa na kofia ya kitambaa cha wilaya yao ya Palpa na miaka thelathini na moja ya utumishi, na vyote viwili hakuvivua kichwani hata akilala. "Kigonge ubavuni, binti. Redio yangu huiponya hivyo hivyo."

"Baa, hii si redio."

"Ndivyo alivyosema na fundi wa redio."

Saa tatu na nusu. Junkiri aliizima programu, akaiwasha. Weupe. Akakagua kama mlango wa seva unaopokea wageni uko wazi. Uko wazi, hata pazia hauna. Akatazama kama nafasi imejaa; bado ipo tele. Akatazama ruhusa za mafaili, moja moja, kama mama anayekagua kucha za watoto kabla ya shule; safi. Simu ikalia. Alikuwa Dilmaya, mhudumu wa afya wa kilima cha pili.

"Dada, huku nina wazee kumi na wawili wamejipanga ukutani kama njiwa. Simu yangu inaonyesha weupe tu. Mmoja ananiuliza kama na mimi nimepata mtoto wa jicho."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya kwenu au ya saa?"

Junkiri alikata simu akageukia daftari la seva, pale mashine inapoandika kila kilichoipata. Mistari ilishuka polepole, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoteremka ngazi za hekalu wakisinzia. 2081, mwezi wa tisa, tarehe ishirini na moja, Jumapili. 2081, mwezi wa tisa, tarehe ishirini na moja, Jumapili. Jicho lake lilizipita tarehe hizo bila kugusa, kama mtu anavyopita mlango wa kwao, likaenda moja kwa moja kwenye malalamiko: *Hati ya mashine ya madaktari imekwisha muda. Simwamini. Siongei naye.*

Ndiyo tabia ya mashine hizi. Kabla ya kuzungumza, kila moja humwonyesha mwenzake kitambulisho, na kikiwa kimepitwa na wakati, hakuna salamu. Junkiri akampigia fundi wa madaktari.

"Hati yetu nzima, dada," fundi alisema huku akitafuna kitu. "Inaisha tarehe ya mwisho ya Machi, mwaka huu. Wilaya nyingine tano zinaongea nasi tangu alfajiri. Nyinyi tu ndio mmenuna."

Saa tano kasorobo. Nje ukungu ulianza kupanda ngazi za ofisi, ukachungulia mlangoni, ukaingia bila hodi. Sauti zote zikawa mbali. Mlio mwembamba wa seva ulijaa chumba kama nyuki aliye ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na Junkiri akajiona kana kwamba yeye ndiye aliye ndani ya kile kisanduku, amekaa kwenye chumba cheupe, anangoja mtu abishe.

Akaiuliza mashine swali la mtu aliyeishiwa: hati hiyo, wewe unavyoona, imekwisha tangu lini?

Jibu lilikuja bila haraka. *Siku 20,628.*

"Mwongo huyu!" Junkiri alisema kwa sauti. "Eti miaka hamsini na sita na nusu! Wakati huo hata hao madaktari hawajazaliwa."

"Hamsini na sita na nusu?" Bibi alitoa sikio moja nje ya blanketi. "Hiyo si hesabu ya pasipoti?"

"Pasipoti gani, Bibi?"

"Niliyokwenda kuandikishwa na baba yako. Yule kijana wa dirishani alichukua mwaka wangu wa kuzaliwa, akautoa hamsini na sita na ushei, ati wa kimataifa ndio huo. Nikamwambia, mwanangu, na mikunjo je, huitoi?"

Junkiri alirudisha macho kwenye daftari la seva. 2081. Akatazama kalenda ya ukutani. 2081. Mwezi wa tisa, tarehe ishirini na moja, hata Jumapili ilikubali kuwa Jumapili. Ila seva haijui Poush wala haina ukuta. Seva huhesabu kama simu inavyohesabu; ikisema 2081, inamaanisha mwaka huo ambao haujamfikia mtu yeyote.

Hakukurupuka. Kumbe kile kisanduku kilikuwa kimekaa huko mbele peke yake tangu asubuhi, katika Septemba moja ya mbali, ambamo yeye Junkiri ni ajuza wa miaka themanini mwenye blanketi masikioni, na kuna msichana fulani anamjibu "bado, Bibi". Kimebisha mlango wa madaktari na kuona hati ya kale, karatasi ya watu waliokwishaondoka, kikakataa. Hakikukosea. Kilikuwa kimeamka kwenye ndoto iliyotangulia wakati wake.

Kisha akageuka taratibu. "Mukhiya Baa. Leo asubuhi nani aliwasha seva?"

"Mimi," mzee alijibu kwa fahari. "Na nikakurekebishia tarehe, hukuniambia hata asante. Ilikuwa imeandikwa 2025! Januari! Nikasema, maskini, mashine ya serikali imebaki nyuma hivi? Binti, barua ikitoka ofisi hii na tarehe ya kigeni hurudishwa siku hiyo hiyo. Miaka thelathini na moja, haijarudishwa hata moja."

"Baa, umeipeleka akhera."

"Nimeipeleka leo!"

"Leo ya kwetu ni kesho kutwa yake."

Mzee aliangalia kalenda, akaangalia kisanduku. "Kwa hiyo hapo," aliuliza polepole, "mimi nimeshastaafu?"

"Zamani sana."

"Pensheni yangu wanalipa?"

Junkiri alikuwa ameshaanza kuandika. Aliirudisha tarehe, akaiagiza seva iwe inauliza saa kwa mashine wenzake wala si kwa binadamu, hata mwenye kofia. Akaizima programu, akaiwasha. Weupe ukatetema. Halafu, kama vilima vinavyotoka jua likikubali, mstari mmoja ukajitokeza, ukafuata wa pili: jina, umri, kijiji, jicho.

Saa tano na dakika ishirini. Majina ya Dilmaya yalianguka mfululizo kama mahindi sakafuni, kumi na mawili, halafu vilima vingine, thelathini, arobaini na tatu. Mbele ya kila moja mashine ya madaktari iliandika: *limepokelewa*.

Junkiri alijaza la mwisho mwenyewe. Jina aliandika, umri, kijiji. Akasita.

"Bibi, wanafanya jicho moja moja. Wanauliza lipi lianze."

Bibi alifumba la kulia, akafumbua. Akafumba la kushoto, akafumbua, kama anayepima mizani tupu.

"Andika la kushoto," alisema mwishowe. "La kulia liacheni kidogo. Limeshazoea kuota, kulishtua ghafla si vizuri."

Junkiri akaandika la kushoto, akabonyeza. Ukurasa ulikaa kimya pumzi moja, pumzi mbili. Kisha ukajibu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema njoo Jumanne. Usile asubuhi."

"Hata chai?"