Jembe Moja, Nyumba Mbili

"Majembe hakuna, mama," Mhindi wa duka alimwambia Damari pale Singida Mjini. "Wajerumani wamezamisha meli iliyoyaleta. Ngoja."

"Ningoje mpaka lini? Mawingu haya huyaoni?"

Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Iramba. Jembe lake lilikuwa limelika mpaka likabaki kipande cha kukwangulia sufuria. Mvua ikianza hana jembe, mtama hauingii ardhini, na watoto wake wanne watakula nini? Majani? Alirudi akisonya njia nzima. Watu wagombane Ulaya, njaa ije kupiga hodi Iramba! Wapi na wapi? Na hiyo bahari hajawahi kuiona hata ndotoni.

Akachukua kipande chake, akaenda kwa mjomba wake, mzee Simeoni, ambaye ujanani aliyeyusha mawe ya chuma na kuwafulia watu wa Iramba majembe.

"Shikamoo, mjomba. Nifulie jembe."

"Marahaba. Kwa chuma gani?" Mzee alimwonyesha tanuri lililoota majani. "Waliojua mawe wamekufa, vijana wao wako Tanga kwenye mkonge. Majembe ya dukani yalipokuja, mepesi, rahisi, nani alinikumbuka? Wewe mwenyewe ulipoposwa uliyakataa majembe yangu ya mahari. Ulitaka yenye chapa."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma.

"Na wewe mjomba, unalimia nini?"

Mzee aliingia ndani taratibu, akatoka na jembe lake. Chapa ileile ya dukani, na limelika vilevile.

"Hata wewe! Fundi mzima!" Damari alilipuka. Hasira aliigawa bila upendeleo: kwa Wajerumani, kwa Waingereza, kwa Mhindi, kwa mjomba. Fungu kubwa akajibakizia mwenyewe.

Mzee aliweka jembe lake kando ya kipande cha Damari.

"Vipande hivi viwili naweza kuviunga vikawa jembe moja," alisema. "Ila wa kuvukuta sina. Na mwanamke hakaribii moto wa chuma, atauharibu."

"Uharibike mara ngapi, mjomba?"

Damari akakaa chini, akashika mivukuto, akaanza kuupuliza moto.

Walifua mpaka alasiri. Walikuwa wamepata jembe moja la nyumba mbili, na mvua haijui zamu. Chuma bado kilikuwa chekundu jumbe Urbano alipofika na amri ya serikali: kila nyumba iongeze eka moja ya mtama, chakula cha askari walioko vitani.

"Kila nyumba," alikazia. "Sitaki visingizio."

Damari aliinuka, akalibana jembe kwa koleo, akamsogezea.

"Shika, bwana jumbe. Anza wewe."

Jumbe alirudi nyuma hatua mbili. "Wewe mwanamke! Si lina moto hilo?"

"Lina moto, ndiyo. Kawaambie waliokutuma: vita vyao vimekula majembe yetu. Hiyo eka yao waje waichimbe kwa kucha."