Magoli Matano ya Mgeni

Kwanza ieleweke kwamba sikuingia kwenye timu ya mkoa kwa kipaji peke yake. Niliingia kwa sababu Ildefons, kipa namba moja, alivunjika kidole akifunga mikungu ya ndizi kwenye pikipiki siku nne kabla ya mashindano, na kwa sababu kocha wa timu, Mwalimu Mwijage, ndiye pia mwalimu wa nidhamu wa shule yetu ya bweni huko Muleba. Wiki hiyo nilikuwa mikononi mwake. Nilikuwa nimegonga kengele ya kuamka saa nzima kabla ya wakati, na wavulana mia nne wakaoga maji ya baridi bila hata mmoja wao kutazama saa.

"Kamala," Mwalimu aliniambia ofisini kwake, "una miaka mingapi?"

"Kumi na minane, Mwalimu. Nimeitimiza mwezi wa nne."

"Basi kwa mujibu wa sheria wewe ni mwanamume. Chukua viatu. Adhabu yako utaitumikia golini."

Ndivyo nilivyofika Bukoba kucheza mpira wa mikono wa wanaume, mashindano ya timu nane kutoka nchi nne, kwenye kiwanja cha saruji ambacho upepo wa ziwa hukipiga ubavuni kuanzia saa nane mchana. Kundi letu lilikuwa na timu ya Ngozi kutoka Burundi, ya Kigali kutoka Rwanda, ya Masaka kutoka Uganda, na sisi wenyeji. Timu mbili za juu zingeingia nusu fainali. Nahodha wetu, Byabato, mkulima wa Ngenge mwenye mkono wa kushoto unaotisha, alikuwa amecheza hatua ya makundi mara tatu katika maisha yake na mara zote tatu alirudi nyumbani baada ya mchezo wa tatu.

"Nina miaka thelathini na saba," alituambia siku ya kwanza. "Goti langu lina sitini. Safari hii nataka kujua mchezo wa nne unafananaje."

Byabato huongea kama mtu anayelipia maneno.

Kamati ilikuwa imeamua kwamba wageni walale majumbani mwa watu. Mimi nilifikia kwa Shangazi Annastella, Buhembe, na nikapangiwa chumba kimoja na Ejide, mchezaji wa pembeni wa Ngozi, mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, anayekunja blanketi lake vizuri kuliko wasichana wa bweni. Jioni ya kwanza Shangazi alitupakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mpaka Ejide akaanza kupumua kwa zamu. Baada ya chakula akaleta akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Akachagua tunda moja, akalipasua kwa meno. Ndani ya tunda la kahawa huwa mna mbegu mbili. Moja akampa Ejide, ya pili akanipa mimi.

"Mababu zetu walikuwa wanazipaka damu kwanza," alimweleza mgeni. "Mkishatafuna, mmekuwa ndugu."

"Na sisi tuchanje, Shangazi?" niliuliza.

"Hapana. Mashuka nimefua jana."

Tukatafuna. Ejide akasema asante kwa heshima kubwa, kama mtu aliyepewa cheti.

"Sasa, Derick," Shangazi akasema, "huyu ni ndugu yako. Kesho usimwaibishe mbele ya watu halafu umlete hapa kwangu ale chakula na machozi."

"Na yeye akiniaibisha mimi?"

"Wewe umeshazoea."

Kesho yake tuliwachapa Ngozi bila huruma kwa dakika arobaini na tano. Tulikuwa mbele kwa magoli tisa. Ndipo kocha wao akamwingiza Ejide, ambaye alikuwa hajagusa mpira tangu asubuhi. Akaja mbio kutoka pembeni, akaruka, na hewani tukatazamana. Nikamkumbuka anavyokunja blanketi. Mguu wangu wa kushoto ukabaki chini kama umepigiliwa msumari, mpira ukapita karibu na kifundo changu, nyavu zikacheza. Watu wa Ngozi wakafurahi sana. Nikaona hakuna ubaya, tisa ni nyingi. Akafunga la pili palepale, chini kushoto. La tatu. Kufikia la tano nilishaanza kujivunia malezi yangu.

Kilichonishangaza ni kwamba mabeki wangu nao walikuwa wamelegea. Baadaye ndipo nilipojua kwamba akamwani ilikuwa imezunguka kila nyumba, Buhembe hadi Kanazi, na kila mmoja wetu alikuwa na ndugu mpya upande wa pili. Hata Byabato alikuwa amelala nyumba moja na nahodha wao. Tulishinda ishirini na nne kwa ishirini na mbili. Tukashikana mikono na wageni na kuhisi kwamba sisi ni watu wenye utu.

Siku ya pili Kigali walitufunga kwa tofauti ya magoli manne. Siku hiyo sikumwachia mtu. Walinifunga kwa nguvu zao wenyewe. Alasiri ile Mwalimu Mwijage alitukusanya chini ya paa la jukwaa akiwa na chaki na kipande cha mbao.

"Kesho kutwa tunacheza na Masaka," alisema. "Masaka wamewafunga Kigali kwa goli moja, Kigali wametufunga sisi, na wote tumewafunga Ngozi. Tukishinda tutakuwa watatu wenye ushindi mara mbili. Kanuni inasema hesabu ni tofauti ya magoli. Masaka waliwafunga Ngozi kwa manane. Kigali kwa saba. Sisi kwa mangapi?"

Akaandika namba mbili kwenye mbao.

"Kwa mawili. Kama tungemaliza na yale tisa, kesho kutwa tungehitaji kuwafunga Masaka kwa tofauti ya matatu. Sasa tunahitaji sita. Masaka hawajawahi kufungwa kwa sita na mtu yeyote." Akanigeukia. "Kamala, utaandika maelezo."

Katika shule ya bweni, maelezo ni hati nzito. Unaandika jina, kidato, kosa, sababu za kosa, na unaweka sahihi. Nimeandika mengi, mengine ni ya kifasihi kabisa. Nilianza hivi: "Mimi, Derick Kamala, kidato cha tano, nikiwa na akili timamu, nilifungwa magoli matano kwa hiari yangu, kwa sababu ya mbegu ya kahawa." Halafu nikainua kichwa nikamwona Byabato amekaa peke yake, anafunga goti lake bandeji, anaifungua, anaifunga tena. Kalamu ikaniishia utani. Nikaandika mstari mmoja tu zaidi: "Nitayarudisha." Nikaweka sahihi.

Mwalimu alisoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Utayarudishaje?"

"Sijui bado, Mwalimu."

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza la kweli mwaka huu."

Siku ya mapumziko nilimfuata Byabato nyumbani alikofikia, Kanazi. Nilimwamkia, nikamwomba anipige mipira mia moja, yote chini kushoto.

"Kwa nini mia?"

"Kwa sababu mguu wangu una adabu sana, kaka. Nataka uisahau."

Aliokota mpira. Tuliweka goli la miti kwenye uwanja wa shule ya msingi, pembeni kidogo mwa mikeka ya kahawa iliyoanikwa. Mpira wa kwanza ulinipiga kwenye ugoko. Wa kumi na mbili ulinipita ukaenda kutawanya kahawa ya mama mmoja anayeitwa Hellen.

"Nyie watu wazima," Mama Hellen alisema, akiwa ameshika kiuno, "mnacheza mpira juu ya ada ya watoto wangu?"

"Samahani, waitu," Byabato alisema kwa heshima ya Kihaya. "Tunamfunza kipa."

"Basi simama wewe kipa mbele ya mkeka wangu. Kila mpira ukipita, punje zote utaokota wewe, moja moja."

Nilisimama mbele ya mkeka. Niseme ukweli, hakuna kocha aliyenisaidia kama Mama Hellen. Kufikia mpira wa sitini mguu wangu ulikuwa unatangulia akili. Kufikia wa mia ulikuwa umevimba, na kahawa imetulia kwenye mkeka wake.

Asubuhi ya mchezo, Ssebunya, mpigaji mkubwa wa Masaka aliyefikia nyumba ya jirani, alikuja kumsalimia Shangazi. Kwa mikono yake angeweza kubeba mtungi bila kuukumbatia. Shangazi akaleta akamwani, akapasua tunda.

"Asante, Shangazi," nikasema. "Leo nimefunga kahawa."

"Umefunga nini?"

"Mpaka saa kumi na moja jioni."

Shangazi alinitazama kama nimetema mate ndani. Lakini Ssebunya alicheka, akatafuna mbegu zote mbili.

"Wewe ni ule kipa," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvuka mpaka. "Tulikuwa jukwaani. Ule wa mguu wa kushoto."

"Mguu upi?" niliuliza.

"Ule unalala." Akanipiga bega kwa upendo.

Nikainamisha kichwa kwa huzuni. Huzuni hiyo niliifanyia mazoezi miaka mitano mbele ya walimu wa zamu, kwa hiyo ilikuwa ya kiwango. Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mwijage.

"Watapiga chini kushoto," nikamwambia. "Wote. Wanaamini sina mguu."

"Una uhakika?"

"Wameniona nikifungwa matano palepale."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu. "Usiwaonyeshe kitu wakati wa kupasha misuli."

Wakati wa kupasha misuli nilichechemea kidogo. Niliacha mipira mitatu ya Byabato ipite kushoto, nikashika kiuno kama mzee. Nilimwona Ssebunya akimwonyesha mwenzake kwa kidevu.

Kipindi cha kwanza walipiga chini kushoto mara nane, na mara saba mguu ulikuwepo. Ssebunya peke yake alipiga minne, na baada ya wa nne alisimama kwenye mstari wa mita sita akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kiwete.

"Umeamka?" akaniuliza.

"Kahawa haikuwa nzuri," nikamjibu.

Tulienda mapumziko kumi na tatu kwa tisa. Manne tu. Na sasa walikuwa wamejua, hivyo kipindi cha pili hakukuwa na mtego wala ujanja. Walipiga juu, walipiga katikati ya miguu, mmoja alinipiga kifuani nikaona ziwa lote likiwa jeupe. Byabato alikimbia kama goti ni la mtu mwingine. Alifunga, akarudi, akakaba, akaanguka, akainuka. Kila alipopita karibu na goli langu alisema neno moja tu.

"Sita."

Zikiwa zimebaki dakika mbili tulikuwa mbele ishirini na tatu kwa kumi na nane. Matano. Matano yaliwatosha Masaka kusonga mbele, na wao pia walijua kuhesabu. Beki wao alikuwa ametolewa nje dakika mbili kwa kumvuta Byabato shati, kwa hiyo kocha wao akamtoa kipa, akaingiza mchezaji wa ziada ili waendelee kuwa sita kwenye mpira. Goli lao likabaki wazi. Wakaanza kupasiana, kulia, kushoto, kulia, bila nia ya kufunga, sekunde zikienda. Watu wa Bukoba wakapiga miluzi. Sisi tuliwafuata tu, hatukupata mpira.

Mwamuzi akainua mkono, ishara kwamba wanapoteza muda na sasa ni lazima wapige. Pasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikamfikia Ssebunya, mita tisa, naye hakuwa na njia nyingine. Akaruka.

Sikujua angepiga wapi. Hakukuwa na cha kujua. Niliamua tu kwamba sitarudi nyuma, nikatoka mbele hatua mbili, nikajitanua mikono na miguu, na mpira ukanigonga kwenye kiwiko kwa maumivu ambayo hayana jina kwa Kiswahili wala Kihaya. Ukaanguka mbele yangu, ukadunda.

"Pasi fupi," Mwalimu Mwijage alipiga kelele kutoka benchi. "Kamala, pasi fupi."

Mbele yangu Byabato alikuwa amekabwa na watu wawili. Nyuma yao kiwanja chote kilikuwa kitupu, na mwisho wake goli tupu. Niliulenga mpira nje ya mlingoti wa kulia, upande upepo unakotokea, nikautupa kwa mkono uleule uliogongwa. Ukaenda juu, upepo ukaurudisha ndani, ukadunda mara moja mita tano kutoka kwenye mstari. Mchezaji mmoja wa Masaka alikuwa anaukimbiza. Kengele ya meza ikalia, muda umekwisha.

Mpira ulikuwa nyavuni na kengele ilikuwa imelia, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia. Waamuzi wote wawili wakaenda mezani. Nilikaa chini kwenye saruji, nimeshika kiwiko. Byabato alisimama katikati ya kiwanja, mikono kiunoni, akiwatazama waamuzi migongoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mwamuzi mrefu akageuka. Akanyoosha mkono kuelekea katikati ya kiwanja, akapuliza kipenga mara mbili fupi. Goli.

Ishirini na nne kwa kumi na nane.

Byabato hakuruka. Alitembea mpaka golini kwangu, polepole, akanishika mkono mzima akaniinua.

"Sita," nikamwambia.

"Nimehesabu," akasema. Akageuka kujifanya anakohoa.

Ssebunya alikuja kunishika mkono, na kwa namna alivyoubana nilijua hakunisamehe. Ningemheshimu kidogo zaidi kama asingebana ule unaouma.

Watu walikuwa bado wanapiga ngoma nje ya uzio Mwalimu Mwijage aliponijia na daftari na penseli. Kwenye kiwanja kilekile timu mbili za kundi la pili zilikuwa zinaingia kupasha misuli. Mojawapo ndiyo tutakayokutana nayo nusu fainali.

"Kiwiko?" akaniuliza.

"Kinakunjika, Mwalimu."

"Kaa hapa na nahodha. Kila mpigaji, andika namba yake na pembe anayoipenda. Wote, mpaka kipenga cha mwisho."

Byabato alikuwa tayari amekaa kwenye ngazi ya jukwaa, mguu ameunyoosha, akinisogezea nafasi. Nilikaa. Mchezaji namba saba wa jezi ya kijani alirusha mpira wake wa kwanza wa mazoezi.

"Juu kulia," Byabato akasema.

Nikaandika.