Safu ya Tatu

Mwalimu Honorata alikuwa na furaha ya mtu ambaye somo limemkubali. Darasa la pili pale Chome, watoto ambao siku nyingine hupiga miayo kana kwamba wamelipwa, leo waligombea kujibu. Alikuwa amewasomea hadithi mbili, kisha akachora safu mbili ubaoni. Ya kwanza ya mama Salha, aliyesafiri kwenda kufanya kazi mjini. Ya pili ya mama kuku, ambaye mwewe alimnyakua huku kifaranga wake amelala.

"Haya, wanatofautiana nini?"

"Mama Salha anapiga simu!"

"Kuku hapigi!" Wakacheka.

"Nguo za mama Salha bado zipo nyumbani. Kiota cha kuku amepewa kuku mwingine."

"Na kifaranga akiuliza, wakubwa wananyamaza," akasema Kaleb.

Honorata aliandika yote mbiombio, wala hakusikia alichokuwa akiandika.

Ndipo Agape akanyoosha kidole, na mwalimu akakumbuka. Mama yake Agape alizikwa mwezi wa nne, mtoto akiwa amepelekwa kwa shangazi yake kule Lembeni. Bibi yake alikuja mwenyewe hadi shuleni. "Tumemwambia mama yake amesafiri, mwalimu. Nakuomba, mwache akue kwanza." Honorata alikubali. Leo, mjinga yeye, utamu wa hadithi ulimsahaulisha.

"Mwalimu, naomba safu ya tatu. Ya mama yangu."

Mwalimu alikuwa bado anatafuta kisingizio, Agape akawa ameshafika ubaoni, ameshika chaki, anachora mstari uliopinda.

"Mama yangu hapigi simu," alisema huku akiandika. "Kitenge chake anavaa mama mdogo. Nikimuuliza bibi, anaenda kupuliza moto."

Akarudi nyuma kidogo, akalinganisha kama alivyofundishwa, kidole kikitoka safu moja kwenda nyingine. Kisha akaweka alama ya vema kwenye safu ya mama kuku.

Honorata alitamani kengele ilie. Alitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye mwalimu.

Agape akamgeukia, macho makavu, kama anayesubiri kusahihishiwa daftari.

"Mwalimu, nimepata?"

Honorata akapiga magoti mbele yake.

"Umepata, mwanangu."

Agape akautazama ubao tena, kwa muda mrefu, halafu akamrudishia chaki.

"Nifutie, mwalimu," akasema. "Nataka nikose."