Beseni Langu

Mtambo wa pombe ya moshi ni ghali kwa anayenunua vyombo. Agripina hakununua hata kimoja, aliazima. Mumewe, Lukasi, alikufa kwenye mashine ya kusaga mkonge, na meneja wa shamba akamwachia mjane chumba kimoja pale kambini Korogwe, kwa sharti moja: siku polisi watakapomkuta na kosa, chumba kinarudi. Kwao ni Ufipa na huko hakuna aliyebaki. Mtoto wake, Justa, alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Kibali cha kuuza pombe ya boha siku ya Jumamosi alikuwa nacho. Lakini boha ya miwa waliipika pia wanawake wote walioteremka kutoka Bungu na Vugiri, na ya Agripina ikawa inachacha mtungini. Pombe ya moshi, serikali ya Mwingereza iliikataza, kwa hiyo wanunuzi hawakukosekana.

Debe lilitoka kwa Chausiku, jirani yetu. Beseni la kupozea lilikuwa langu mimi, Zuena, jipya, lenye maua mekundu, nami nililitoa shingo upande. Bomba jembamba la shaba alilileta Yordani, fundi wa kiwandani, kalificha ndani ya suruali, akitembea kama mwenye ngiri. Hatukumwuliza kalitoa wapi. Alilijaza mchanga lisibonyee, akalizungushia kwenye mchi wa Bi Hamisa, mfinyanzi wa Misima aliyekuwa akija kutuuzia vyungu. Likatoka mizingo minane, tundu lake upana wa mkono wa mtu. Viungo tuliviziba kwa ugali.

Desturi ya kambi ni kwamba aliyeazimisha chombo hupewa kibuyu cha kwanza, na jioni chombo chake hukifuata mwenyewe. Bi Hamisa ni mtu wa swala tano. Fungu la mchi wake alilichukua vilevile, akachulia magoti, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Jumamosi ya tatu, asubuhi, Bi Hamisa akiwa amekaa uani anangoja fungu lake, Chausiku alirudi mbio kutoka kisimani. Askari wawili wanakuja, na nyapara Sadala yuko mbele yao.

Hapo kila mtu akakumbuka chombo chake. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimwaga maji, nikalichomoa beseni chini ya bomba huku moto unawaka na mvuke unapita, nikakimbilia mlangoni kwangu kuosha maharage. Nilijiona mwerevu sana. Chausiku akafuata, akalibeba debe kwa matambara na kumwaga machicha chooni. Agripina akabaki na bomba, kalishika kwa kanga maana lilikuwa haligusiki. Askari walikuwa wamefika kwenye kona.

"Mwanangu, nipe shaba yangu," Bi Hamisa akasema.

Mkononi alikuwa na vikuku vya shaba vya kizamani, kama wazee wenzake wa Kizigua. Akalipokea bomba, akalipitisha juu ya vikuku vile hadi karibu na kiwiko, akaulaza mkono mapajani.

"Shikamoo, bibi," askari mmoja akasema. "Nini hiyo?"

"Marahaba. Pambo la harusi yangu."

Askari hakuwa mtu wa huku. Akamtazama Sadala. Sadala, Mzigua wa Handeni, akautazama mkono ule kwa muda.

"Bibi zetu ndivyo wanavyovaa," akasema.

Walipekua chumba, wakanusa mitungi ya boha, wakasoma kibali, wakanimwagisha maharage yangu. Muda wote huo Bi Hamisa alimwuliza askari habari za kwao, za mama yake, za mvua. Nilimwona jasho likimtiririka kidevuni.

Walipoondoka, Agripina alilivuta bomba kwa mafuta ya nazi, na ngozi ikatoka nalo. Alilia yeye, si Bi Hamisa.

Niliona aibu ambayo sijaipata tena maishani. Kama ningeliacha beseni na maji yake, shaba ile ingekuwa baridi. Nilikwenda nikamwambia Bi Hamisa hivyo.

"Najua, Zuena, nilikuona," akasema. "Chombo ni chako. Lilete beseni sasa, na maji."

Nikalileta. Alitumbukiza mkono wote, mpaka maua mekundu yakafunikwa. Jioni nililiacha palepale, sikulifuata.