Chai ya Ukurasa wa Tatu

Kwenye kundi la wahariri wa kujitolea wa ensaiklopidia ya mtandaoni, fundi cherehani mmoja walimpachika jina Mama Chanzo. Na alistahili! Ukiandika kwamba soko lina milango minne, huyo hapo: "Chanzo kiko wapi?" Ukinakili sentensi ya mtu, anakufutia kabla hujameza mate. Miezi mitano tu tangu afundishwe kanuni, na tayari alizishika kuliko aliyemfundisha, hata akaanza kuwafundisha wengine.

Sasa hebu fikiria Mkufunzi, huyo huyo aliyemfundisha, anampigia simu mchana kweupe, yeye fundi akiwa na mkasi mkononi, nguo ya mteja mezani.

"Mama Chanzo, makala yako ya zahanati nimeifuta. Umenakili kitabu, neno kwa neno."

"Kitabu gani? Nimetoa kwenye daftari la marehemu mama!"

Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati hiyo miaka thelathini, akiandika humo kila jambo. Alipokufa, jina lake halikubaki popote, hata kwenye kibao cha mlangoni. Ndiyo maana binti alitaka liingie kwenye ensaiklopidia, lisomwe na kila mtu.

Mkufunzi akamtumia picha ya ukurasa wa kitabu hicho. "Chokaa ya wodi ilikuwa bado mbichi alipolia mtoto wa kwanza." Maneno ya mama, hadi nukta. Na jina la mwandishi juu yake? Mjomba.

Mjomba! Yule yule aliyekuja baada ya mazishi, macho mekundu, akaomba daftari "nimlilie dada yangu vizuri." Alilirudisha limefungwa kwenye gazeti safi, na binti akamshukuru. Alimshukuru, jamani!

Akaiacha nguo ilivyo, akaenda. Mjomba alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli.

"Mjomba, maneno ya mama umeyafanya yako?"

"Punguza sauti, mwanangu. Mimi nimeyapa jalada. Yangebaki kwako yangeliwa na mchwa."

"Na jina lake?"

"Limo! Mimi ni mtu wa kumsahau dada yangu?" Akamtolea nakala ya kitabu, tena akaitia saini.

Aliifungua papo hapo mlangoni. Jina la mama lilikuwemo kweli, mara moja tu, ukurasa wa tatu, kwenye shukrani: kwa dada aliyenichemshia chai nilipokuwa nikiandika.

Chai! Miaka thelathini ya kupokea watoto wa watu, halafu chai!

Akampigia Mkufunzi. "Daftari ninalo. Mwandiko ni wake."

"Pole sana, dada. Daftari halijachapishwa, haliwi chanzo. Makala ya babu yangu uliifuta wewe mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo."

Akakata simu. Aliporudi kwenye cherehani alifungua ukurasa mpya, akaandika jina la mama, kisha kitu pekee ambacho kanuni zilimruhusu: alichemsha chai. Chanzo: kitabu cha mjomba, ukurasa wa tatu. Sentensi haikuwa na kasoro hata moja, na aliichukia kama alivyomchukia aliyeitunga.

Akaifuta. Akaandika: alikuwa mkunga. Akahifadhi, akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

Hata dakika haikuisha, mhariri mpya kabisa, mmoja wa wale aliowafundisha yeye mwenyewe, alikuwa ameshaacha swali chini yake.

"Chanzo kiko wapi?"